Kreti ya soda iliyonifundisha kusoma barabara

Kijiweni kwetu Moshi kuna ushauri mmoja hauishi: "Barabara ikipanda, chagua mwembamba." Niliufuata kama mjinga. Mbio zilikuwa za baiskeli, Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi. Moshi iko chini ya mita 900, Arusha iko kwenye 1,400, kwa hiyo nikamwekea dau la kreti ya soda kijana wa kilo 55 anayepanda Marangu kila Jumapili. Akashinda fundi mmoja wa kilo 80, mapaja kama magunia ya mahindi. Kijana wangu sikumwona hata kwenye kumi bora.

Kosa langu lilikuwa kutazama kimo na kusahau umbali. Ukipita njia panda ya KIA (uwanja wenyewe wa ndege wa Kilimanjaro uko mita 894), zimebaki kilomita 50 hivi za kupanda mita 500. Hiyo ni mita moja kwa kila mita mia! Kundi linapita hapo kwa kilomita 30 na zaidi kwa saa, na kwa kasi hiyo kinachomchosha mtu ni upepo kuliko uzito wake. Anayejibanza nyuma ya mwenzake anaokoa robo ya nguvu, pengine theluthi. Mwembamba akichomoka anapasua hewa peke yake, huku nyuma watu ishirini wanapokezana kumfukuza. Kabla ya Usa River wameshamla.

Halafu kuna uwazi wa kule Boma Ng'ombe. Upepo ukipiga ubavuni, watu hujipanga mshazari, na upana wa lami ndio unaoamua wangapi wapate kujikinga na upepo nyuma ya wenzao. Waliobaki wananing'inia ukingoni hadi wanakatika. Mbio za ubingwa wa dunia za Doha mwaka 2016 ziliamuliwa hivyo jangwani, bila mlima wowote: kundi likapasuka, Peter Sagan akashinda, Cavendish wa pili. Kigali 2025 ubingwa ni uleule, ila kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Wakamaliza 30 tu, Pogačar akiwa mbele peke yake.

Uzito una siku yake. Chukua mwinuko wa mita 8 kwa mia, kasi kilomita 15 kwa saa. Mtu wa kilo 60 kwenye baiskeli ya kilo 8 anahitaji wati 220 hivi kuinua huo mzigo tu. Wa kilo 80, baiskeli hiyohiyo, anahitaji karibu 290. Kwa nusu saa, fundi wetu hazipati hizo sabini za ziada.

Sasa napita njia siku moja kabla, kwa bodaboda, saa ileile ambayo mbio zitapita, maana upepo wa asubuhi si wa mchana. Kimo nakisoma kwenye simu, lakini kwa kila kilomita nzima. Ukipima kila mita mia, simu inarukaruka na utaona kuta ambazo hazipo.

Kitu ambacho sijawahi kusikia mshauri yeyote akikitaja ni matuta. Jamani, matuta! Wa kwanza anapunguza kutoka 40 hadi 20, anavuka, anakanyaga. Wa hamsini wakati huo bado ameshika breki, na akivuka anakuta mwanya wa mita thelathini. Kundi linavutika kama mpira wa kufungia mzigo, na wa nyuma ndio wanaolipa: kila tuta ni mbio fupi ya kufa na kupona, achilia mbali chupa zinazodondoka na cheni zinazochomoka. Mwembamba anayependa mwendo wa kutulia huishia hapo. Mimi nayahesabu ya kilomita 20 za mwisho. Yakizidi kumi, namfuta kila mwenye mazoea ya kukaa mkiani, awe na mapafu ya namna gani.

Mbio zilizofuata zilikuwa Himo, geti la Marangu, kisha kurudi kumalizia Moshi. Wazee wakashikilia mwembamba, kwa sababu geti liko juu ya mita 1,800. Lakini mstari wa mwisho haukuwa getini. Kutoka Himo hadi Moshi ni kilomita 25 na ushee zisizo na mlima wa maana, na kuna kanuni ya zamani kwamba kundi lililojipanga hula dakika moja ya mtoro, yaani aliyechomoka mbele, kwa kila kilomita 10. Kwa hiyo mwembamba wao angehitaji kufika Himo akiwa mbele kwa dakika mbili na nusu, na huko mteremkoni alikuwa akishika breki kila kona. Nikachagua wa kilo 68 anayeteremka bila woga.

Kreti ilirudi. Chupa mbili zilikuwa tupu.