Saa 10 alfajiri hadi saa 2 usiku: siku ya dereva anayewapeleka wazee Tarangire

Safari ya siku moja kutoka Arusha kwenda Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ni kama kilomita 118 kwenda, na hizohizo kurudi. Kijana anaimaliza na bado jioni ana nguvu za kwenda kuangalia mpira. Ukibeba babu wa miaka 78 na bibi mwenye goti bovu, siku nzima inapangwa kwa kipimo cha aliye mkubwa kuliko wote garini. Dereva asiyelielewa hilo atagombana na kila mtu kabla hata hajamwona pundamilia wa kwanza.

Saa 10 alfajiri

Gari kwanza, chai baadaye. Oili inapimwa injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Halafu maji ya rejeta, feni belti na nati za magurudumu yote. Upepo unategemea aina ya tairi na mzigo, ila kwa Land Cruiser ndefu iliyojaa abiria wengi wetu tunatembea lami na pauni 35 mbele na 40 nyuma, kisha tunapunguza kama pauni tano tukiingia barabara ya vumbi. Wapo wavivu wanaoiruka hatua hiyo. Siku ya wazee usiiruke: tairi gumu kwenye barabara yenye mawimbi linampelekea bibi kila jiwe kiunoni. Jioni kabla ya kurudi lami rudisha upepo, kwa sababu tairi laini likikimbizwa kwenye lami linapata joto na linaweza kupasuka.

Vinavyopakiwa: kigoda cha mbao chenye kimo cha sentimita 20 hivi, mito miwili midogo, shuka za Kimasai (Juni na Julai asubuhi ya Arusha haina utani), maji lita moja na nusu kwa kila mtu, karatasi za chooni, na chupa ya moto yenye mdomo mpana. Chupa hiyo ni ya mtori. Lanchi boksi za siku hizi zina paja la kuku lililokauka na tufaha gumu, chakula cha mwenye meno yake yote. Mtori upikwe mwepesi kuliko wa nyumbani, kwa sababu ukikaa kwenye chupa unazidi kuwa mzito, na ikifika saa saba hautoki mpaka uchotwe kwa kijiko.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aulizwe mapema. Dawa hiyo ikae kwenye boksi la baridi ikiwa imefungwa kitambaa, isigusane na barafu. Ikiganda imeharibika, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana vilevile.

Saa 12 asubuhi

Kero ya kwanza ya siku ni honi getini. Dereva anasimama nje ya nyumba ya watu Njiro au Sakina, jua halijatoka, anapiga honi mara mbili. Huyo hata akijua ndege wote wa Tanzania, kwa mzee ameshafeli. Zima injini, shuka, piga hodi, toa shikamoo kwa kila mkubwa kwa zamu yake, subiri marahaba, ndipo uulize mizigo. Na usimwite mteja mwenye mvi “mzee baba”. Lugha hiyo ibaki kijiweni. Kama wajukuu wanamwita Babu, na wewe mwite Babu.

Kero ya pili inatoka kwa watoto wa wazee hao, wanaoulizana wenyewe kwa wenyewe. “Dada, bibi atakunywa maji?” Bibi amekaa palepale, anasikia, ana akili timamu, na alifundisha darasa la watoto sitini kwa miaka thelathini. Muulize yeye.

Sasa kiti. Mzee mwenye heshima zake atakwenda kukaa nyuma kabisa, maana kwetu mkubwa hukaa nyuma. Kwenye gari la safari huko ndiko kubaya kuliko kote: safu ya mwisho ipo juu ya ekseli ya nyuma, na kila shimo linarusha mtu. Safu ya kwanza nyuma ya dereva ipo katikati ya magurudumu, ndiyo inayotulia. Mweleze sababu hiyo waziwazi na atakubali. Ukimwambia tu “Babu kaa hapa,” ataona unamnyima nafasi yake.

Wakati wa kupanda, kigoda kiwekwe kwenye ardhi ngumu na ukikanyage wewe kwanza. Usimvute mzee mkono wala kumwinua kwapani. Mpe kigasha chako akishike mwenyewe, apande kwa mwendo wake, mguu wenye nguvu ukitangulia. Kushuka ni kinyume: mguu unaouma ndio unaotangulia chini.

Saa 1 hadi saa 2:30

Majengo, Kisongo, Duka Bovu, Meserani, Makuyuni. Barabara ni nzuri, na ndiyo maana watu wanajisahau. Penye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi (kile kipima mwendo) wanapajua mahali pa kukaa. Ng'ombe wakivuka usipige honi. Honi inagawanya kundi mara mbili, nusu linarudi ulikotoka, na utakaa pale muda mrefu kuliko ungesubiri kimya.

Wazee wengi wenye presha wanameza kidonge cha kupunguza maji mwilini asubuhi, na kidonge hicho kinawapeleka haja kwa saa kadhaa. Wengine wataacha kukimeza au kukataa maji ili “wasisumbue safari”. Hilo ni hatari kuliko kusimama. Kwa hiyo tunatangaza vituo mapema: choo cha kituo cha mafuta Makuyuni, halafu cha getini. Kuchimba dawa porini ni kwa vijana. Bibi mwenye goti bovu hawezi kuchuchumaa nyuma ya mgunga, na ndani ya hifadhi kushuka ovyo hairuhusiwi.

Saa 2:30, getini

Ukitoka lami Kwa Kuchinja, geti lipo kilomita chache mbele. Malipo yafanywe kwa kontroli namba kabla ya kufika, na vitambulisho vya NIDA vikusanywe kwenye bahasha moja tangu nyumbani. Kinachochelewesha karibu kila mara ni mtu mmoja aliyeacha chake kwenye mkoba mwingine. Wakati karatasi zinashughulikiwa, wazee waende chooni na wanyooshe miguu. Magoti yaliyokunjwa saa mbili yanavimba.

Saa 3 hadi saa 6

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanyama wanaufuata Mto Tarangire, na dereva hana haja ya kukimbia. Fuata kingo za mto polepole, utawapata pundamilia, nyumbu, kuro, swala pala, ngiri na twiga bila kuchoma dizeli bure. Darubini ya wazee iwe 8x42, yaani inayokuza mara nane. Ile ya 10 inakuza zaidi, ila inakuza na mtetemo wa mkono. Mwenye miwani akunje zile pete za mpira za machoni, aegemeze viwiko kwenye dirisha. Anayetaka kusimama kwenye paa lililofunguliwa asimame gari likiwa limetulia, handibreki juu. Gari likitembea, kila mtu kitini.

Jambo moja kuhusu redio ya garini, ile ambayo madereva tunapashana habari za wanyama. Wageni wa nje hawaelewi tukitaja simba redioni, kwa hiyo tumezoea kupayuka. Babu na bibi wanasikia kila neno, pamoja na matusi ya yule aliyekwama mchangani. Punguza sauti.

Tembo ndio hasa waliowaleta watu Tarangire, na ndio wanaotaka adabu kuliko wote. Simama mbali, mita 30 kwa uchache, gari likielekea kwenye njia ya kutokea, na usikate kati ya mama na ndama. Ukishazima injini, usiiwashe ghafla wakiwa wamekukaribia. Mlio wa stata unawashtua kuliko muungurumo waliokwisha kuuzoea. Tembo anayetanua masikio, akainua kichwa, akatikisa kichwa na kupiga vumbi, anakuonya: nyamaza, usisogee mbele, na akitulia rudi nyuma taratibu. Anayelaza masikio nyuma, mkonga ameukunja chini na kichwa ameinamisha, huyo mara nyingi haonyi tena. Dume lenye majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, huku mkojo ukimdondoka miguuni, lipo kwenye masti, kipindi cha kutafuta majike ambapo dume huwa kali. Lipe njia yote, hata kama mteja bado anapiga picha.

Kero kubwa ya hapa ni dereva anayefika mwisho na kujiingiza mbele ya gari lililowahi, akilifungia kundi njia ya kwenda majini. Kisha abiria wake wanapiga mluzi na kugonga bati la mlango ili tembo ageuke. Tembo hugeuka kweli, na mara nyingine hamgeukii aliyegonga.

Kundi la tembo linaongozwa na jike kongwe, na Tarangire kuna ushahidi wa faida yake ambao wazee wanaupenda sana. Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba hifadhi. Kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti, 16 walikufa ndani ya miezi tisa. Wakati wa kawaida wanakufa kama wawili katika kila mia. Koo zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache kuliko ukoo uliobaki ndani, na huo uliobaki ndio uliokuwa umepoteza wakongwe wake kwa majangili wa miaka ya 1970 na 1980. Watafiti wanaona huenda wale majike wakongwe walikumbuka ukame wa 1958 hadi 1961. Ukilieleza hili zima injini kwanza, maana Babu naye ataanza kueleza njaa za miaka yake, na mazungumzo hayo yana thamani kuliko kumfukuzia chui aliyetangazwa kilomita kumi mbele.

Saa 7 mchana

Chakula ni Matete, kwenye meza za mapumziko. Wenyeji wa pale ni tumbili, na wanajua lanchi boksi kuliko sisi. Madirisha yote yafungwe na paa lishushwe kabla mtu wa mwisho hajashuka. Dirisha lenye nafasi ya kupita mkono linamtosha tumbili kuingia. Mtu mmoja abaki amesimama akiangalia upande wa miti. Usimkodolee macho tumbili dume wala kumchekea ukionyesha meno, kwake hiyo ni changamoto. Tumbili au nyani akishashika mfuko, mwachie: meno yake ni marefu na hana mpango wa kuurudisha. Anayetupa ganda la ndizi “kwa sababu ni wanyama tu” ndiye anayemfundisha tumbili kumpora bibi wa kesho.

Wazee wakae na migongo kwenye ukuta au mti, wasile wakiwa wameipa miti mgongo wazi. Mwenye kisukari ale kwa wakati wake hata kama simba wapo njiani. Simba mchana huo wamelala, hawaendi kokote.

Saa 8 hadi saa 9:30

Joto, usingizi, na ndorobo, yaani mbung'o. Hawa wanafuata kitu kinachotembea na rangi za buluu na nyeusi. Ndiyo maana vitambaa vya mitego yao vina rangi hizo. Wanatoboa hata jinzi, na mafuta ya kujipaka hayawazuii sana. Kwenye msitu wa migunga funga madirisha, pita bila kusimama, fungua ukifika uwanda. Aliyevaa kitenge cha buluu afunikwe shuka nyekundu, vicheko vitafuata.

Pembeni ya bwawa la Silale hutokea ukaona tembo mzee yuko peke yake kwenye majani mabichi. Tembo anapata seti sita za magego maishani. Ya sita ikisagika, anatafuta majani laini ya bwawani. Hapo Babu mwenyewe ataukumbuka mtori.

Wazee wakisinzia, usiwaamshe kwa kila twiga. Amsha kwa simba, au kwa chatu aliyejizungusha mtini.

Saa 10 jioni

Tunatoka mapema ingawa mwanga bado upo. Sababu ni Makuyuni baada ya giza: mifugo, bodaboda zisizo na taa, na malori yaliyoharibika yakiwa na matawi tu barabarani. Kwenye vumbi la kutokea, achia gari la mbele mita mia moja au zaidi, na funga madirisha unapopishana. Mwenye pumu hataki kuomba mara mbili. Dereva anayekupita kwa kasi na kukuachia wingu zima tunamjua kwa namba za gari, na tukikutana naye gereji tunamwambia.

Saa 12:30 jioni

Nyumbani, kigoda kwanza, mizigo baadaye. Bibi asishuke haraka kwa sababu gari limefika. Akae dakika moja au mbili mlango ukiwa wazi, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Kusimama ghafla baada ya saa mbili za kukaa kunaleta kizunguzungu, na wengi huanguka getini kwao badala ya porini.

Saa 2 usiku

Ea klina inatolewa na kupulizwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unazidi kuzamisha vumbi. Nati zinakazwa tena, maana barabara ya mawimbi inalegeza kila kitu, hadi vioo vya pembeni. Fagia chini ya viti. Na lanchi boksi zisitupwe kabla ya kufunguliwa moja moja: wazee huvua meno ya bandia wakati wa kula, wakayafunga kwenye tishu na kuyaweka ndani ya boksi. Yakikutwa, yaoshwe kwa maji ya baridi, yawekwe kwenye chombo safi, na simu ipigwe usiku huohuo. Kwenye simu hiyo azungumze mwenye meno mwenyewe, sio binti yake.