Kasri la Topkapı kwa nusu siku, bila kupitishwa dukani

Waliotangulia kufika Istanbul waliniambia, kwa uhakika mkubwa, kwamba Kasri la Topkapı, makao ya kale ya masultani wa Uthmaniya, halionekani kwa nusu siku, na kwamba mwenye haraka ajiunge tu na kundi la watalii. Niliwasikiliza. Tulipitishwa ua wa kwanza na wa pili tukikifukuza kibendera cha kiongozi wetu, kisha tukaingizwa katika duka la mazulia, tukanyweshwa chai ya tufaha, na vijana wawili wakaanza kutukunjulia zulia moja baada ya jingine huku mlango ukiwa umefungwa kwa adabu. Mzee mmoja wa kundi letu alisinzia juu ya zulia la hariri ambalo bei yake ingesimamisha chumba na sebule Mbagala, kwetu Dar es Salaam. Tulipotoka, muda ulikuwa umekwisha, na kiongozi akatupongeza kwa kuliona kasri.

Safari iliyofuata nilijitafutia mwongozaji mwenyewe, mama mmoja aliyevaa kitambulisho cha leseni shingoni, nikapatana naye mambo matatu kabla hatujagusia bei: dukani hatuingii, tunaanzia Harem, na tunamalizia kanisani. Malipo yake pamoja na tiketi ya jumla hayakupungua laki tano za kwetu, na sikunung'unika.

Kuanzia Harem, yaani makazi ya familia ya sultani, ndiyo ujanja wenyewe, kwa sababu makundi ya asubuhi yalimiminika kwenye hazina kuitazama almasi ya karati 86, nasi tukabaki karibu peke yetu katika makazi ya matowashi weusi. Hawa walikuwa Waafrika, wengi wao wakiwa wametekwa utotoni katika nchi za Sudan na Uhabeshi, na mkuu wao aliweza kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa katika dola ya Uthmaniya. Beşir Ağa, Mhabeshi, alikishika cheo hicho kuanzia mwaka 1717 hadi alipofariki mwaka 1746. Kundi langu la kwanza halikufika hata mlangoni pa Harem, na washauri wangu wote, Waafrika watupu, hawakunitajia jambo hili kwa neno moja.

Jikoni pia usipapite mbio. Chini ya madohani yale marefu kuna sehemu ya hazina ya vyombo vya Kichina ambayo jumla yake inazidi vipande 10,000, vikiwemo vile vya kijani cha mzeituni vilivyoaminiwa kubadilika rangi vikiwekewa chakula chenye sumu. Nilisimama mbele ya sinia moja hadi mama akaniuliza kulikoni, nikamweleza kwamba vyombo vya Kichina tunavyo hata Kunduchi, vilipachikwa makaburini na wazee wetu, ila sisi mabakuli yetu tumeyaacha yang'olewe.

Kuhusu kanisa, nilishauriwa nipange foleni ya Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti. Sikuipanga, kwa kuwa Hagia Irene, kanisa jingine la kale, imo humohumo katika ua wa kwanza wa kasri na tiketi ileile inaifungua. Ilijengwa upya na Justinian, kaisari wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, baada ya ghasia za Nika za mwaka 532, wananchi walipomwasi, na Waothmani waliigeuza ghala la silaha, si msikiti. Ndani hakuna picha za watakatifu. Juu ya kibla cha kanisa, yaani upande wa madhabahu, kuna msalaba mmoja mweusi kwenye mandhari ya dhahabu, uliowekwa baada ya tetemeko la mwaka 740, enzi ambazo watawala wa Bizanti walipiga marufuku picha hizo. Mama alinitaka nipige kofi moja nisikilize, na kofi lile lilizunguka kubani likanirudia likiwa limenenepa.

Saa saba mchana tulikuwa tumemaliza. Anayepanga kwenda asiende Jumanne, kwani kasri hufungwa siku hiyo, jambo jingine ambalo washauri wangu hawakulikumbuka.