Nilivyofuga bakteria kabla ya samaki

Ushauri wa kwanza niliopewa ni huu: tia samaki mmoja sugu, akifa tia mwingine, tangi la maji chumvi litakomaa lenyewe. Amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, huchoma matamvua, na mimi sikununua tangi ili niwe mchinjaji. Nikakataa. Wa pili akaniletea ndoo ya maji ya tangi lake la miaka mingi. Nilimshukuru, nikayamwaga alipoondoka. Bakteria tunaowatafuta, wale wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, nayo sumu, kisha nitrati isiyo kali, hung'ang'ania mawe, mchanga na sponji ya chujio. Kwenye maji yenyewe ni wa kuhesabu.

Wa tatu ndiye aliyeniweza. "Weka kamba mbichi aoze, amonia itakuja." Ilikuja! Kamba akavaa utando mweupe kama sufi, akavimba, kisha kichwa kikajitenga na kwenda kukaa nyuma ya jiwe nisipofika. Wageni walikuwa wakikaa dakika chache wanaanza kukagua nyayo za viatu vyao. Ubaya wa kamba ni kwamba humpangii kipimo: rangi ya maji ya kupimia ilipita kijani cha mwisho kwenye kadi, na amonia ikizidi sana, takriban miligramu 5 kwa lita, huwadumaza hata bakteria wenyewe. Nikamvua vipande vipande, nikabadilisha maji karibu yote.

Kuanzia hapo nikatumia amonia ya chupa, isiyo na manukato wala sabuni (itikise, povu likigoma kuisha, achana nayo). Nilitia hadi kipimo kikasoma miligramu 2 kwa lita, basi.

Lakini ujanja wangu halisi ulikuwa sponji. Muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimechomeka sponji mpya kwenye chujio la rafiki mwenye tangi la maji chumvi lenye afya. Alikubali, kisha akasahau kabisa, nami sikumkumbusha. Bakteria wake wakahamia humo bure. Siku ya kuichukua niliibeba ndani ya maji yake mwenyewe, sikuikamua, na maji ya bomba hayakuigusa maana klorini yake ingewamaliza. Ya tangi la maji matamu isingefaa: ukiwatumbukiza ghafla kwenye chumvi ya gramu 35 kwa lita, wengi hawaamki.

Amonia ilishuka upesi. Nitriti ndiyo ilinitoa jasho, ikakaa juu hadi nikaanza kukitukana kipimo. Na msishangilie nitrati mapema: nitriti ikiwa nyingi, kipimo cha nitrati hudanganya, husoma juu kuliko ukweli. Mimi nilizima taa ili mwani usipate karamu, nikaelekeza pampu juu maji yachemke-chemke, kwani bakteria hawa hula oksijeni kwa pupa, joto likabaki nyuzi 26.

Jaribio la mwisho: amonia 2 jioni, kesho yake jioni amonia sifuri, nitriti sifuri. Nilipima tena kwa kuringa tu. Nikabadilisha maji mengi kupunguza nitrati, nikaweka samaki wawili wadogo, si kundi zima.

Samaki wenu wakichelewa kufika, endeleeni kutia amonia kidogo kidogo. Bakteria nao wana njaa.