Siku moja na tovuti ya watembeza watalii: kazi ya kumfanya mgeni abaki ukurasani

Ofisi iko Shangani, Mji Mkongwe, Zanzibar. Kampuni ni ndogo: inauza ziara za viungo, msitu wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, na boti za kwenda kisiwa cha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda. Kazi yangu ni tovuti yake. Hii ni siku ya kawaida, saa kwa saa.

Saa 2:00 asubuhi

Naanza na simu ya ofisi kabla ya kugusa takwimu yoyote. Ujumbe wote wa WhatsApp ulioingia usiku unasomwa, na kila swali linaandikwa daftarini kwa maneno ya mgeni mwenyewe. Pembeni yake naandika: jibu lipo kwenye tovuti? Lipo ukurasa gani, juu au chini?

Maswali ni yale yale. Boti inaondoka saa ngapi? Bei ni ya mtu mmoja au ya boti nzima? Mtoto analipa? Mtatufuata hotelini Paje? Swali likijirudia, ukurasa ndio haukujibu. Na huyu aliyeuliza ni mwenye subira. Wengine wamefunga ukurasa kimya na kwenda kwa kampuni ya pili. Wageni hawabakizwi na mapambo. Wanabaki wanapokuta jibu la swali walilokuja nalo.

Saa 3:00

Sasa takwimu. Google Analytics ya sasa huhesabu kwamba mgeni amejishughulisha na tovuti iwapo amekaa zaidi ya sekunde 10, au amefungua kurasa mbili na zaidi, au amefanya tendo ulilolitaja kuwa muhimu. Sekunde 10 ni chache mno kwa mtu anayesoma habari za ziara ya siku nzima, kwa hiyo nimezipandisha hadi 30 kwenye mipangilio. Mwisho unaoruhusiwa ni 60. Matendo muhimu yetu ni mawili tu: kubonyeza kitufe cha WhatsApp na kutuma fomu. Ukiorodhesha kumi, kila mgeni ataonekana amefanya jambo.

Jambo linaloharibu hesabu za biashara ndogo ni wenyewe kufungua tovuti yao mara kwa mara. Kuzuia kwa anwani ya mtandao wa ofisi hakusaidii sana hapa, maana watu wengi wanatumia bando za simu na anwani hubadilika. Kwenye kompyuta tunaweka kiongezi cha kivinjari kinachozuia kuhesabiwa, na kwenye simu tumekubaliana tovuti isifunguliwe bila sababu.

Saa 4:00

Picha. Hapa ndipo tovuti nyingi za utalii zinapokwama.

Mpiga picha ameleta picha ya ufukwe wa Nungwi yenye upana wa pikseli 6000 na uzito wa megabaiti 7. Mgeni anaifungua kwa simu, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, kwa mtandao dhaifu. Naipunguza hadi pikseli 1600, naihifadhi kwa WebP, muundo wa picha nyepesi za tovuti, kwa ubora wa 75 kati ya 100, kisha natengeneza ya pili ya pikseli 800 kwa ajili ya simu. Kwa kawaida inabaki kilobaiti mia mbili hadi mia tatu, na kwa jicho huoni tofauti.

Mambo mawili husahauliwa. Kwanza, picha ya juu kabisa isiwekewe amri ya kusubiri kupakiwa hadi mgeni aifikie (lazy loading). Amri hiyo ni ya picha za chini. Ukiiweka juu, unachelewesha kitu cha kwanza mgeni anachotaka kuona. Google inataka kitu kikubwa cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5. Pili, kila picha iandikiwe upana na urefu wake. Isipoandikiwa, maandishi hujitokeza kwanza, picha inafika, kila kitu kinasukumwa chini, na mgeni aliyekusudia kubonyeza "Bei" anajikuta amebonyeza kingine.

Video inayojiwasha yenyewe nimeiondoa. Inakula bando la mgeni bila idhini yake. Imebaki picha moja yenye alama ya kucheza, anayetaka ataibonyeza.

Saa 5:30

Ukurasa wa Changuu na Nakupenda ndio unaofunguliwa sana, na ndio unaoachwa mapema. Ulikuwa unasema boti inaondoka "kila siku saa tatu asubuhi". Kwa bahari yetu hilo haliwezekani: maji yakijaa, fungu la Nakupenda linafunikwa. Saa za kujaa na kupwa husogea takriban dakika 50 kila siku, hivyo wiki moja fungu liko wazi asubuhi, wiki nyingine mchana.

Nampigia nahodha.

"Shikamoo mzee. Jumamosi na Jumapili tuwaambie wageni saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Hayo bamvua, asubuhi yanakupwa vizuri. Waambie saa mbili na nusu wawe ufukweni, mchana wawe washarudi."

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Maneno yake yanageuka jedwali dogo: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Linawekwa juu, chini ya picha tu, kabla ya habari za kobe wakubwa wa Changuu. Juu ya jedwali naandika sentensi mbili za kueleza kwa nini saa zinabadilika. Mgeni akielewa sababu, haoni tena kwamba kampuni inayumba.

Chini ya jedwali inakuja bei: kwa mtu mmoja, kwa watu wawili, kwa wanne, na kama kiingilio kimo au hakimo. Wapo wanaoficha bei ili mgeni alazimike kupiga simu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Saa 7:00 mchana

Sala na chakula.

Saa 8:00

Fomu ya kuomba nafasi ilikuwa na visanduku kumi na kimoja, kikiwemo cha namba ya pasipoti, ambayo haihitajiki kwa kupanda boti. Vimebaki vinne: jina, tarehe, idadi ya watu, na WhatsApp au barua pepe.

Kisha kitufe cha WhatsApp. Kosa la kawaida ni kuandika namba kwa sifuri ya mwanzo. Kiungo kinataka 255 kwanza, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi katikati. Vinginevyo kinafunguka na kusema namba haipo. Tunakitia pia ujumbe ulioandikwa tayari wenye jina la ziara, ili anayejibu ajue mgeni ametokea ukurasa gani. Kitufe kiwe na pikseli 48 kwa 48 angalau, kidole gumba kisikose. Baada ya kubadili, najaribu kwa simu mbili, moja ikiwa ya bei nafuu.

Saa 9:00 alasiri

Ukurasa wa Kiitaliano. Tafsiri ya mashine hubaki na makosa ambayo Mwitaliano huyaona papo hapo, kwa hiyo muongoza watalii wetu anayezungumza lugha hiyo anausoma kwa sauti nami narekebisha. Tunaongeza pia kipande cha bima: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje ya nchi analazimika kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Si bidhaa yetu, lakini ni swali lake.

Saa 10:00 jioni

Kila badiliko linaandikwa: tarehe, ukurasa, kilichobadilika, sababu. Kwa tovuti yenye wageni wachache, kupima matoleo mawili ya ukurasa kwa pamoja, nusu ya wageni waone hili na nusu lile, hakutoi jibu la kuaminika. Badili jambo moja katika ukurasa, usiguse kingine kwa wiki nne. Na linganisha Agosti na Agosti ya mwaka jana. Ukiliweka jedwali la boti wakati wa masika na kulipima msimu wa kusi, ongezeko lote litaonekana la jedwali, kumbe ni hali ya hewa na likizo za Ulaya.

La mwisho ni zamu ya simu. Roma iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi, na watu hupanga safari baada ya chakula cha usiku. Huku kwetu ni saa nne, saa tano usiku. Anayeshika simu leo ameshapewa jedwali jipya na bei zake, ajibu sawasawa na kilichoandikwa ukurasani.