Saa ya ukutani inayojua mshale wake uko wapi (na wale wa "weka sumaku" mnisikilize)

"Weka sumaku tu, fundi." Kila niliyemweleza shida yangu alinipa jibu hilo, na naapa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua mashine ya saa ya betri.

Shida yenyewe ni hii. Nina saa ya ukutani ya bei ya chee, zile za elfu saba elfu nane, ambayo naiendesha kwa bodi ya ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi. Saketi yake ya asili, ile yenye kristali ya kwatzi ya hezi 32,768, nimeing'oa nikabakiza koili ya mota yake. Bodi inachukua saa kwenye intaneti, kisha inaipiga koili mpigo mmoja kila sekunde: mmoja chanya, unaofuata hasi. Inakwenda sawasawa mpaka umeme ukatike. Umeme ukirudi, bodi inajua saa hizi ni saa ngapi, ila haina habari mshale ulisimama wapi. Unapanda stuli, unazungusha kwa mkono. Sasa hiyo ni saa ya kisasa au mimi ni mfungwa wake?

Turudi kwenye sumaku. Mota ya saa hizi ni ya aina aliyobuni Mfaransa Marius Lavet miaka ya 1930. Rota yake ni kisumaku kidogo sana kinachogeuka nusu mzunguko kwa kila mpigo, na nguvu yake ni ya kubembeleza. Nilijaribu, ili niwanyamazishe. Nilitoa sumaku kwenye spika ya simu mbovu, nikavunja kipande, nikakigandisha kwenye gurudumu la dakika na kuweka pembeni swichi ya kioo inayofungwa na sumaku ikipita, ili bodi ijue mshale uko wapi. Saa ikaanza vizuri, nikaanza hata kutubu kwa kuwadharau watu. Gurudumu lilipokileta kipande kile karibu na rota, rota ikashikwa. Mshale wa sekunde ukawa unatetemeka palepale, mbele nusu, nyuma nusu, kama mlevi anayetafuta mlango. Nikausukuma upite, mzunguko uliofuata, ukanasa palepale. Swichi nayo haikuwahi kufunga hata mara moja. Kwa hiyo, wapendwa, sumaku hapana.

Mwingine akasema toboa gurudumu, upitishe mwanga. Huyu alikuwa na hoja. Casio wanafanya hivyo kwenye baadhi ya saa zao, taa ndogo inamulika kupitia matundu ya magurudumu na saa inajisahihisha yenyewe. Ila magurudumu yangu ni ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga kila upande. Wa tatu akanishauri niagize saa ya redio ya Ujerumani. Ndugu yangu, mtambo wa DCF77, unaozirekebisha saa hizo kwa redio, unarusha kutoka Mainflingen kwa kilohezi 77.5 na unafika kama kilomita 2,000. Mimi niko Dar.

Wazo lililofaa lilitoka kwenye kalipa ya dijiti, kile kipimo cha mafundi cha kupimia unene. Ile haina sumaku wala taa: ina vipande vya shaba kwenye rula yake na vingine kwenye kichwa kinachoteleza, na inapima jinsi chaji inavyoruka kati yao. Sahani mbili zikitazamana ni kapasita, yaani kitu kinachoshika chaji. Zikifunikana zaidi, kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) inapanda, zikiachana, inashuka. Watengenezaji wa saa za mkono nao wamekwisha kuandikia hataza (haki ya uvumbuzi) njia ya aina hii, sahani zikiwa chini ya gurudumu lenyewe. Kama wao wanaweza kwenye kitu cha milimita chache, mimi nashindwaje kwenye saa ya ukutani?

Nikakata nusu duara ya foili, nikaibandika kwenye uso wa gurudumu la dakika. Chini yake, kwenye kipande cha plastiki ya faili, nikabandika utepe wa shaba na kuuunganisha kwenye pini ya mguso ya ESP32, ile inayopima kapasitansi. Namba zikaja, tena zinacheza! Nikaita watu. Kila aliyesogea kutazama, namba ziliruka. Feni ikiwashwa, zinaruka. Mvua ikinyesha, zinahama zenyewe. Saa ilikuwa inanipima mimi, gurudumu haina habari nalo. Na ukipiga hesabu huwezi kuilaumu: mabadiliko ya gurudumu langu ni kama sehemu ya kumi ya pikofaradi (kipimo kidogo cha kapasitansi), wakati waya peke yake una pikofaradi nyingi na kiganja kikisogea kinaongeza zake.

Hapa ndipo nilipojipongeza. Badala ya sahani moja nilikata mbili, kila moja nusu duara, na katikati pete ndogo iliyoungwa kwenye ardhi ya saketi. Foili ikifunika sahani ya kushoto, ya kulia iko wazi, na kinyume chake. Nikaagiza China chipu ya FDC1004, ambayo inapima sahani mbili na kukupa tofauti yake. Unyevu ukipanda, unapanda kwa zote mbili, ukitoa, unajifuta. Waya nikazifunika kwa shaba iliyoungwa kwenye pini ya kinga ya chipu hiyohiyo.

Na usitafute kilele cha namba. Kule juu namba inalala bapa, huwezi kutofautisha saa sita kamili na saa sita na dakika tatu. Tafuta inapovuka sifuri, maana hapo ndipo inapokimbia zaidi. Inavuka mara mbili kwa saa, mara moja ikipanda na mara moja ikishuka. Mimi nimegeuza foili ili ile ya kupanda iangukie mshale ukiwa kwenye 12. Soma katikati ya mipigo, koili ikiwa kimya.

Sasa umeme ukirudi, bodi inaipiga koili mara nane kwa sekunde mpaka sifuri ipatikane, muda usiozidi dakika saba na nusu. Mshale wa saa uko kwenye saa ngapi, hilo linakumbukwa kwenye flashi (kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika), linaandikwa kila sifuri inapovukwa. Usahihi ni ndani ya nusu dakika, kwa kuwa meno ya plastiki yana uwazi wake, hivyo mshale wa sekunde nimeutoa ili usinichongee. Gharama yote labda elfu sitini, sabini hivi. Foili ni ya jikoni.

Gundi ya maji ndiyo itumike. Super glue inatoa mvuke unaoganda kwenye meno, na gurudumu la akiba huuziwi peke yake, unanunua saa nzima.