Nilivyopiga picha za familia Bagamoyo bila kumwambia mtoto acheke

Kila nikisema napiga picha za familia zenye watoto wadogo, hakosi mtu wa kunipa ushauri. Wahesabie moja mbili tatu. Beba pipi. Wapigie makofi watazame. Jumamosi moja ya Julai, ushauri wote huo ulinifuata ufukweni hapa Bagamoyo ukiwa kwenye mkoba wa shangazi mtu.

Familia ilitoka Dar: baba, mama, binti wa miaka sita hivi na mdogo wake wa kiume ambaye ndiyo kwanza anajua kukimbia. Wote nyeupe tupu. Tulikubaliana laki na ushei, tukakutana saa kumi na nusu jioni. Jua la kwetu linachomoza baharini na kuzamia upande wa mji, kwa hiyo jioni minazi na majengo ya zamani hulaza kivuli juu ya mchanga. Kivuli hicho ndicho studio yangu. Ila uwe mwepesi, maana ukanda wetu huu jua likishaanza kushuka halina subira.

Sasa shangazi. Akatoa pipi za kijiti, nyekundu, mdogo akapewa moja "atulie". Akatulia kweli, na pipi yake! Nikimwita ananipa mgongo, anajua nimekuja kumnyang'anya. Dada naye akadai yake, akapewa, ikaanguka mchangani. Kilio. Ikasuuzwa kwa maji ya bahari, ikarudishwa mdomoni, na ule uso alioukunja alipoonja chumvi, namshukuru Mungu kidole kilikuwa tayari. Kanzu ya mdogo kifuani ikawa ramani nyekundu. Shangazi nyuma yangu anapiga makofi, "Cheka babu! Huku, huku!" Baba anamgeukia mtoto, "Tazama kamera we!" Mama vilevile. Nikikagua picha: watoto wanamtazama shangazi, wazazi wanawatazama watoto midomo wazi, utadhani wanagombea bei ya nyanya.

Watu wanasema watoto wasumbufu. Mimi sijaona. Msumbufu ni mtu mzima anayetaka mtoto akae kama kalenda.

Nikawapanga mstari, nikapiga ile ninayoiita picha ya bibi, ya kwenda ukutani. Dakika mbili, basi. Wazazi wakishajua hiyo ipo, mabega yanashuka. Kisha nikamwendea shangazi kwa adabu zote: "Shangazi, naomba unisaidie, hawa watoto watashikwa na njaa sasa hivi. Pale soko la samaki wanakaanga, hebu watafutie." Nikampa na elfu kumi yangu mfukoni. Sijawahi kutumia hela vizuri namna ile.

Wazazi nikawanong'oneza: kamera msiitaje tena, mimi sipo, mtazameni mtoto. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikamkabidhi binti kopo, nikamwambia, "Baba anachimba kisima, na wewe ndiye wa kukijaza." Kisima cha mchangani hakijai, mnajua wenyewe. Alikwenda na kurudi, mdogo nyuma anamwaga nusu ya maji miguuni mwa baba, baba anapiga mayowe ya kweli kwa sababu yalikuwa ya baridi. Hapo nimechuchumaa, lenzi ya milimita 50 iko usawa wa macho ya mtoto, kasi ya kufyatua picha 1/500 ya sekunde. Chini ya hapo mtoto anayekimbia anatoka ukungu. Na kwa kuwa bahari nyuma yao inang'aa, kamera hudanganyika ikazifanya nyuso ziwe giza, nikaongeza mwanga hatua moja.

Halafu kanga. Wazazi wakaishika pembe nne juu ya vichwa, upepo wa kusi ukaijaza, watoto wakawa wanapita chini yake mbio huku na huku. Mama alikuwa na mbili. Nikachagua yenye weupe mwingi, kwa sababu ile nyekundu inawamwagia watu wekundu usoni, na kuja kuusafisha kwenye kompyuta ni adhabu. Mdogo akasimama katikati, akanyoosha mikono aiguse, hafiki. Baba akaachia pembe zake bila kuambiwa, akamnyanyua. Nilibonyeza mfululizo mpaka kamera ikagoma kidogo.

Shangazi akarudi na changu wa kukaanga, anauliza kama nimeshawapiga. Nikamwambia bado, wale kwanza. Wakala, binti anamtolea baba miiba, na mimi naendelea na yangu.

Siku ya kuchagua, baba alikimbilia ile ya pipi yenye chumvi, ameiweka kwenye simu. Mama kachukua zote za kanga. Shangazi aliitaka picha ya bibi tu, na fremu kaigharamia mwenyewe.