Mama sasa anajirekodi mwenyewe

Mama alitaka kurekodi hadithi za utotoni mwake kwenye kompyuta. Nilimwekea programu ya kuhariri sauti, ile yenye vitufe na mistari tele. Akarekodi dakika 40, akahifadhi. Kumbe kilichohifadhiwa ni faili la mradi, halichezi kwingine mpaka ulitoe kama faili la sauti la kawaida, mfano MP3. Aliumia, nami nikaumia zaidi, kwa sababu kosa la kuchagua lilikuwa langu.

Nikamfungulia Sound Recorder, iliyomo tayari ndani ya Windows 11. Bonyeza kitufe chekundu, ongea, bonyeza tena: faili limejihifadhi lenyewe. Kabla ya hapo nilihakikisha ruhusa ya maikrofoni imewashwa kwenye mipangilio ya faragha, kisha nikachagua MP3. Jana kanitumia hadithi tatu.